Mbuzi wa Kitambulisho

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Vifaranga mia moja na kumi na wawili wametoka leo, na Kombe amesema nikamwone mama yake. Sijui nianze na lipi.

Nianze na Kombe. Alikuja saa nne, pikipiki imejaa vumbi la Kinango mpaka kwenye taa, kikasha cha chanjo kimefungwa nyuma kwa mpira. Nilikuwa nimeinamia mashine ya kutotolea, mikono imejaa maganda ya mayai. Akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kulalamika. Akasema wale kuku niliomuuzia mwezi wa kwanza wanataga vizuri. Nikasema vyema. Akasema mama yake anawapenda. Nikasema vyema. Akasema — mama angependa kumwona aliyewatotoa.

Aliyewatotoa! Nimetongozwa kwa maneno mengi, hilo ni jipya.

Nina miaka thelathini na minne, nina duka langu mwenyewe Kombani, nina mashine mbili, na nimemjibu ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Ikabidi aimalize hivyohivyo, peke yake, na mimi ninatikisa kichwa kama mjusi. Caroline wa saluni, mlango wa pili, amekuja kuuliza kwa nini ninawaimbia vifaranga nyimbo za kwaya.

Kombe ametimiza arobaini na mmoja Jumanne iliyopita. Hutembea vijijini akichanja mbuzi na kuku. Aliwahi kuoa; mke aliondoka, sasa ni miaka sita. Alinieleza hayo mwenyewe siku ya kwanza tuliyokunywa chai pamoja, na hakumsema vibaya hata kidogo. Nadhani nilimpenda hapohapo, kikombe kikiwa bado mkononi.

Jumapili tunakwenda. Si kesho — ile nyingine. Nitavaa nini?

Jumapili, 17 Agosti

Nimerudi. Nimependwa. Halafu nimekuwa mbuzi.

Mama yake Kombe, Mama Kadzo, ni mdogo wa umbo, sauti yake ndiyo kubwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu, mbona mwembamba hivi?" Akaniletea ugali na maziwa ya mtindi kwenye bakuli ambalo ningeweza kuogea. Akanitembeza bandani, akanionyesha kuku wangu mmoja mmoja. Amewapa majina. Mmoja anaitwa Diwani kwa sababu anapiga kelele na hatagi.

Nilikuwa ninacheka mpaka mbavu zinauma. Kombe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatutazama kama mtu anayeota jua.

Ndipo mama akauliza, kwa upole kabisa, "Umezaliwa lini, mwanangu?" Nikatoa kitambulisho kama niliyesimamishwa na polisi. Tarehe moja Januari, 1991. Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

"Mbuzi," akasema.

Kombe akasema, mama, mbuzi si ndiyo mali yetu, si tunao sabini hapo nje? Mama hakucheka. "Wewe ni Simba. Umeona wapi simba na mbuzi wakalala zizi moja?"

Kumbe kila alfajiri husikiliza nyota redioni. Mambo madogo huamua mwenyewe. Mambo makubwa hupeleka Msambweni kwa Maalim Mbarak, mzee wa kitabu cha falaki, na sisi ni jambo kubwa. Siku ya kwenda ikipatikana ataniita.

Kilichonisumbua ni kwamba alisema yote hayo ameshika mkono wangu. Hakuwa ananifukuza. Alikuwa kama daktari anayempenda mgonjwa. Nilipoondoka akanipa kibuyu cha mtindi. Njiani Kombe akasema nisijali, ni mambo ya wazee. Lakini yeye ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, boma ni moja, chungu ni kimoja. Nami sitaki kuingia nyumba ambayo mama mkwe anaingojea mwaka mzima iungue.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemweleza Caroline yote, huku anamsuka mteja. Amesema hapana, mimi si Mbuzi. Mbuzi ni watu wa mipango, "na wewe, aki, jana umeacha chai jikoni mpaka ikawa mkaa." Yeye ni Mapacha. Husoma nyota yake kwenye simu kila siku kabla hata ya kunawa uso.

Nikamuuliza kwa nini anaamini. Nilidhani atasema mzaha. Akachana nywele za yule mteja kwa muda. Akasema anaishi peke yake tangu ahamie hapa kutoka bara. Hakuna mtu anayemwuliza asubuhi siku yake itakuwaje. Simu inamwambia. "Hata ikidanganya, si angalau imenifikiria?"

Mteja akasema naye ni Mapacha, asomewe.

Halafu nikakumbuka! Ile tarehe si yangu. Mwalimu alituandikia tulipojisajili kwa mtihani wa darasa la nane. Kila asiyejua siku yake alipewa tarehe moja Januari. Tulikuwa watu tisa darasani tuliozaliwa siku moja, kama vifaranga wa trei moja.

Kwa hiyo mimi ni mbuzi wa kitambulisho tu. Mbuzi wa serikali. Nimefurahi kiasi kwamba nimemwongezea mteja wangu kifaranga wa bure, kisha mwingine.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda Shimba Hills kwa mwaitu, mama yangu. Nilimkuta shambani, amejifunga leso kiunoni, anang'oa magugu.

"Mwaitu, nilizaliwa lini?"

"Mvua ikinyesha. Ndiyo maana ukaitwa Mbula."

"Mwaka gani?"

"Mwaka ule ndovu waliingia shambani."

"Mwaitu, ndovu huingia kila mwaka."

"Mwaka ule waliingia mara mbili."

Nikampigia mjomba Kimanzi, Kitui. Anasema mwezi wa nne, anakumbuka kwa sababu alituma mbegu za mahindi. Mwaitu akanyakua simu: mbegu zile zilikuwa za kuzaliwa kwa kaka yangu Masila. Wewe Kavenya unasahau, akasema mjomba. Mimi ndiye niliyezaa, akasema mwaitu. Wakagombana mpaka salio likaisha, na wote wawili walikuwa wanafurahi sana.

Basi ni mvua za masika au za vuli. Aprili au Novemba. Januari haimo kabisa — Januari hapa hata nyasi huomba maji. Nimetoka kwenye umbuzi rasmi.

Mwaitu akataka kujua haya yote ni ya nini. Nikamwambia. Yeye ni mzee wa kanisa, nilijua jibu. Akasema nyota Mungu aliziweka zitoe mwanga, hazina mdomo. Nikasema sawa. Nikamwomba vipande vya muhogo nikapande nyuma ya duka. Akasema si wiki hii, mwezi unakufa, muhogo utatoka mwembamba kama mkia wa panya.

"Kwa hiyo mwezi una mdomo?"

Akafikiri, jembe begani. "Mwezi ni jirani," akasema. "Nyota ndizo ziko mbali."

Nilipokuwa nimeshapanda boda ndipo akanikimbilia. Mkunga wangu, Bi Mejumaa, alikuwa mtu wa kuandika. Kliniki ilimpa daftari. Alihamia Matuga kwa binti yake, na bado yu hai. Kwa nini mwaitu asianze na hilo? Anasema sikumwuliza nani aliandika, nilimwuliza lini.

Jumatatu, 25 Agosti

Bi Mejumaa yuko Mombasa hospitalini kwa macho, atarudi Ijumaa. Ninangoja. Nikingoja ninakuwa mwendawazimu, kwa hiyo leo kila aliyekuja dukani nimemwuliza: unaamini nyota? Kwa nini?

Mzee Chome, anayeuza makufuli ng'ambo ya barabara, alisema ni upuuzi mtupu. Alifanya kazi ya upimaji ardhi miaka thelathini, anajua nyota ni mawe na moto. Akaenda zake. Baada ya robo saa amerudi. Je, aliyezaliwa tarehe tatu Machi anaitwaje? Nikamwambia ni Samaki. Akaenda. Akarudi tena: Samaki ni watu wa huruma? Nikasema ndivyo inavyosemwa. Akasema, basi hapo wamepata.

Mwalimu Swabir alisema dini imekataza kumwamini anayedai kujua ghaibu, na hana cha kuongeza. Akachagua vifaranga wake ishirini. Kisha akaongeza. Babu yake hakusafiri Jumanne maisha yake yote, na alikufa kitandani mwake akiwa na miaka tisini.

Aliyenipata hasa ni mama mmoja wa Kibuyuni, mkulima wa mwani. Alikuwa amekuja kununua jogoo. Akasema wao hupanda kwa mwezi na huvuna kwa mwezi. "Mwezi unavuta bahari nzima kutoka miguuni mwangu, mwanangu, halafu unairudisha. Utaniambia mimi nilivyo mdogo hivi haunivuti?"

Nikamchagulia jogoo mkubwa kuliko wote.

Jioni nilimfanyia Caroline ujanja. Nikamsomea utabiri wa Ng'ombe, nikamwambia ni wa Mapacha. Akapiga meza. "Ni mimi huyo, ni mimi kabisa!" Nilipomwambia ukweli alikasirika dakika mbili. Kisha akasema labda mama yake alikosea tarehe.

Nami nisimcheke yeye nikajiacha mwenyewe. Nimesoma nyota zote kumi na mbili, na karibu zote ni mimi. Mimi ni mkaidi kama Ng'ombe na ninalia kama Kaa. Ninapenda haki kama Mizani. Mbuzi peke yake ndiye nisiyempata — na huyo ndiye niliye kwa mujibu wa Jamhuri.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimeandikwa.

Bi Mejumaa amefungwa kitambaa jicho moja. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanigeuza kwenye mwanga. "Wa Kavenya. Ulikuja na kichwa kirefu kama papai." Akamtuma binti yake alete kifurushi juu ya kabati. Madaftari manne yamefungwa ndani ya leso kuukuu. Akayanusa kwanza, sijui kwa nini. Binti akapekua, sisi tukangoja, kisha akasoma.

"Jumapili, 11 Novemba 1990. Kavenya Mkamba. Mtoto wa kike, mzima. Mvua."

Basi. Mstari mmoja, wino wa buluu uliofifia. Nimelia kama mtoto, na Bi Mejumaa akanipigapiga mgongoni kama anayenicheulisha. Kila kifaranga anayetoka dukani kwangu ninajua siku yake na karibu saa yake. Ninaandika kwa chaki kwenye kila trei. Mimi mwenyewe sikuwahi kuwa na siku. Sasa ninayo. Jumapili, na mvua.

Nimezeeka siku hamsini na moja kwa dakika moja, na sijawahi kuwa na furaha kama hii. Njia nzima kutoka Matuga nilikuwa ninawaambia watu. Nilimwambia mwenye boda. Nilimwambia muuza maembe. Alinipongeza akidhani ni leo.

Nimefika nyumbani, nimefungua simu. Tarehe kumi na moja Novemba.

Nge.

Jumapili, 31 Agosti

Nge: msiri, ana wivu, hasahau deni wala dharau.

Si kweli hata kidogo. Ingawa Caroline hajanirudishia kitana changu tangu Februari, tarehe nane, Jumamosi.

Jumanne, 2 Septemba

Leo si siku nzuri.

Kombe alikuja na nyanya kutoka sokoni na uso wa sherehe. Nikamwonyesha picha ya daftari. Akasoma mstari wangu mara mbili, akatabasamu, kisha nikamwambia ni nyota gani. Tabasamu likakaa pale usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka.

Akaeleza. Mke wake wa kwanza alimwambia mama kwamba ni Mizani. Maalim Mbarak akahesabu, akasema nyota zao zinapatana kama kinu na mchi. Harusi ikawa. Miezi minane akaondoka. Baadaye, msibani kwa shangazi wa huyo mke, mama alimsikia mtu akitaja siku aliyozaliwa yule binti. Alikuwa Nge.

"Sasa?" nikamwuliza.

Akatazama vifaranga. "Sema ni Aprili. Mjomba wako mwenyewe amesema Aprili. Aprili ni Punda, na Punda na Simba wote ni moto, mzee atafurahi, mama atafurahi."

"Simba hula punda kila siku huko Tsavo."

"Mbula, mimi siamini mambo haya. Ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, kwa nini nidanganye? Na kama si maneno tu, kwa nini nidanganye?"

Nikamwambia nimeishi miaka thelathini na minne na tarehe ya mwalimu. Nimepata yangu Jumamosi, na leo ni Jumanne, na yeye anataka niitupe. Akasema hakumaanisha hivyo. Nikasema alimaanisha nini? Pikipiki ilikataa kuwaka, akaipiga teke mara tatu. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine yoyote tungecheka.

Ameacha nyanya. Sitazila.

Nimekula mbili.

Jumapili, 7 Septemba

Safari ya Msambweni ilipangwa iwe kesho. Tangu Jumanne hatujasemezana, isipokuwa ujumbe mmoja wake kuuliza kama nina chanjo ya ndui ya kuku. Ninayo. Hakuja kuichukua.

Leo saa moja jioni nikasikia pikipiki.

Hakushuka. Alikaa palepale juu ya kiti, kofia ya chuma mkononi. Akasema amefikiri siku tano. "Yule wa kwanza alidanganya kwa sababu alimwogopa mama yangu. Nikikuambia udanganye, nitakuwa nimekuingiza nyumbani kwa mlango uleule. Sema tarehe yako. Iwe itakavyokuwa, mimi nipo."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu ya hasira. Sijui imekwenda wapi. Basi nilimwambia ashuke, chai iko tayari. Chai haikuwa tayari.

Ndipo mwezi ukaanza kuliwa. Ilitangazwa redioni tangu asubuhi lakini mimi nilikuwa na mambo yangu. Watu wote wa mtaa walitoka nje. Msikitini waliita swala ya kupatwa kwa mwezi. Mama mmoja alipiga sufuria kwa mwiko, kisha akaona haya, kisha wengine watatu wakaleta zao. Mzee Chome alisimama katikati ya barabara na ndimu tatu, akatueleza kivuli cha dunia kinavyopita. Alipokuwa anaeleza, mwezi ukawa mwekundu kabisa, kama kiini cha yai kwenye mwanga wa tochi, na yeye mwenyewe akabaki ameinua uso, ndimu mkononi.

Kombe alinishika mkono mbele ya watu. Mbele ya Caroline! Caroline amepiga picha, mwezi haukutokea, sisi tumetokea.

Simu ya Kombe ikalia. Mama Kadzo. Maalim amesema hakuna neno la ndoa linaloguswa mwezi ukiwa umeumwa. Tutakwenda tarehe ishirini. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye kreti la mayai. Lilikuwa tupu, namshukuru Mungu.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo amekuja Mama Kadzo mwenyewe. Peke yake, kutoka Kinango, amevaa leso mpya. Nilimwona anavuka barabara nikaanza kufagia mahali nilipokwisha fagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka kuona wanavyotoka."

Bahati yake, trei ya juu ilikuwa siku ya ishirini na moja. Nikamwekea kigoda mbele ya kioo cha mashine. Akakaa pale saa nzima, mikono mapajani. Yai likipasuka ananong'ona, haya, haya mama, sukuma. Kama mkunga. Mimi nilikuwa nyuma yake, na picha ya ule mstari wa buluu iko kwenye simu mfukoni.

Bila kugeuka akaanza kunieleza habari za yule mkaza mwana. Alimpenda. Walichota maji pamoja, walicheka pamoja. Siku aliyoondoka hakuaga, alichukua begi na ile sufuria ndogo. "Nilikaa miezi nikijiuliza kosa lilikuwa la nani. Langu? Nilisema neno gani? La mwanangu? Alimfanya nini? Usiku silali. Halafu nikasikia kwamba alikuwa Nge na alituficha. Mwanangu, siku ile nililala. Nikasema, basi halikuwa langu, halikuwa la Kombe. Ni nyota. Ukiilaumu nyota haikasiriki, haikurudishii neno."

Kifaranga akatoka, amelowa, akaanguka ubavu.

Nikasema, mama, kuna jambo nataka kukuambia kuhusu siku yangu ya kuzaliwa.

Akageuka haraka, akaniwekea kiganja mdomoni. Kweli, kiganja, kina harufu ya mtindi. "Usiniambie leo. Tarehe ishirini, mbele ya Maalim. Nikijua leo, siku tisa zote nitakuwa ninawaza. Niache nikupende kidogo kwanza."

Ameondoka na vifaranga kumi. Nimemsindikiza mpaka stejini. Ameniuliza kama ninapenda maboga.

Ijumaa, 12 Septemba

Ninapenda maboga. Ninapenda kila kitu. Ninaogopa kila kitu.

Caroline amenirudishia kitana. Anasema anajua sasa mimi ni nani, hataki matatizo.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa saba kasorobo mchana. Barazani kwa Maalim Mbarak, Msambweni. Ninaandika ili mikono ipate kazi.

Tumefika saa tano. Maalim ni mtu mpole, mnene, miwani imefungwa uzi. Alituuliza hali, akauliza hali ya mbuzi, akauliza mvua. Kitabu chake kiko juu ya kibao cha kusomea, hakukigusa mpaka tulipomaliza kahawa. Akamwuliza Kombe tarehe ingawa anaijua. Kisha akanigeukia.

Nikasema. Tarehe kumi na moja Novemba, mwaka elfu moja mia tisa na tisini, Jumapili. Nikasema pia kwamba kitambulisho kina tarehe nyingine na kwamba hiyo si kweli. Nikatoa picha ya daftari. Nikasema mwenyewe, kabla mtu hajahesabu: ni Nge.

Mama Kadzo aliinamisha macho kwenye mkeka.

Kombe akasema, "Mama, angeweza kusema nyingine." Mama akainuka, akatoka uani. Kupitia mlangoni nilimwona anafungua bomba, ananawa uso, ananawa tena. Kombe akataka kumfuata. Maalim akamwashiria akae.

Maalim akaandika, akafuta, akaandika. Simba ni moto, akasema. Nge ni maji. Alisema kama anayesoma bei ya sukari. Halafu akavua miwani: hesabu hii haijatimia mpaka saa ya kuzaliwa ijulikane. Akasikia adhana, akaomba radhi, akaenda kuswali. Tuikumbuke saa, akasema, arudi aikute.

Mama Kadzo amerudi. Amepita mahali pake pa mwanzo, amekuja kukaa kando yangu. Goti lake limegusa langu.

"Ulizaliwa saa ngapi, mwanangu?"

"Sijui, mama. Bi Mejumaa hakuandika saa."

"Hebu fikiri."

"Mama, nilikuwa mtoto mchanga."

Kombe amecheka akajifanya anakohoa. Mama hakucheka. Ametazama mlangoni, ameshusha ile sauti yake kubwa mpaka ikawa uzi. "Ukiwa ulizaliwa alfajiri, maji hayo ni umande. Umande hauzimi moto."

"Nani amekuambia hayo?" Kombe ameuliza.

"Wewe nyamaza."

Nimempigia mwaitu. Imeita mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili — amepokea. Kuku wanalia nyuma yake. Mwaitu, nilizaliwa saa ngapi? Anasema mwezi mzima ninamhoji kama mahakamani, saa, siku, mwaka, kwani nimeibiwa? Nikasema ni muhimu, mwaitu, niko kwa watu. Akasema ngoja, aipue sufuria kwanza, maharage yanaungua.

Ameweka simu chini bila kuikata. Ninasikia hatua zake zikienda, ninasikia mfuniko. Ninaandika kwa mkono mmoja. Mama Kadzo amesogea mpaka shavu lake liko upande wa pili wa simu yangu, anasikiliza maharage ya watu. Pumzi yake ina kahawa.

Kandambili za Maalim zinakuja, ziko kwenye changarawe.

Mama Kadzo ameikamata simu pamoja na vidole vyangu. Mwaitu hajarudi, hakuna mtu upande ule, lakini yeye ananong'ona vilevile: "Alfajiri, dada yangu. Hebu kumbuka vizuri. Jogoo hawakuwa wanawika?"